Mama Mkwe Alipika Benki

Shemeji yangu alikuja Houston kutafuta kazi, akapata kochi letu. Ni mdogo wake mume wangu, kitinda mimba wa nyumba yao Tanga, na kitinda mimba popote aendapo hudhani nyumba zote zimejengwa zikimsubiri yeye. Kazi nayo aliipata baadaye, ghala la vifurushi, zamu ya usiku, lakini Ijumaa na Jumamosi alikuwa huru. Mwanamume aliye huru, mwenye kochi, televisheni na shemeji anayepika wali kwa sufuria kubwa, hakosi marafiki.

Marafiki wenyewe walikuwa watu wa heshima zao. Upande huu wa kusini-magharibi mwa Houston, kuanzia Bissonnet kwenda Alief, Kiswahili unakikuta kwa kinyozi, dukani na kwenye foleni ya kliniki, kila mtu na lafudhi aliyotoka nayo kwao. Kwangu walikuja mzee mmoja wa Bujumbura, fundi viyoyozi. Kijana wa Goma anayeendesha teksi ya kuitwa kwa simu. Muuguzi wa Mombasa ambaye sijapata kumwona akishindwa hoja. Na mwanafunzi wa Arusha aliyekuja kwa ajili ya wali, karata akizivumilia tu.

Mume wangu anaendesha lori la masafa, Laredo na kurudi, kwa hiyo mwisho wa wiki mwenye nyumba ni mimi. Hata siku za kazi ni mimi, maana mkataba wa pango una jina langu peke yake. Lishikeni hilo.

Mwanzoni walijaribu karata za kwetu za barazani, lakini watu wa Pwani na wa Goma hawakuafikiana hata turufu inapatikanaje. Wakakimbilia mchezo ambao wote watano walikuwa wameshauona kazini: poka, tena ile iitwayo Texas Hold'em. Karata mbili unazificha, tano zinawekwa mezani hadharani, na kazi yako kubwa ni kumfanya mwenzako aamini kwamba mbili zako ni nzuri kuliko zilivyo. Bunge la Texas lilipitisha azimio mwaka 2007 la kuutambua mji mdogo wa Robstown kuwa ndiko mchezo huo ulikozaliwa mwanzoni mwa karne ya 20. Jimbo linaona fahari na mtoto wake. Kumchezesha mtoto huyo kwa pesa ni habari nyingine.

Kila mmoja aliweka dola 20 kwenye bati la biskuti, wakaliita benki. Vile vidude vya plastiki vya kuhesabia hawakuwa navyo, shemeji akafungua kabati langu la jikoni. Haragwe jekundu likawa dola 1, punje ya choroko senti 25, mbaazi dola 5. Kila mtu na bakuli lake. Nilisema maneno mawili matatu kuhusu bei ya choroko dukani, nikaenda kulala. Kuhusu sharti moja la shemeji sikusema kitu, ila nililisikia: wenzake wote zamu yao ikifika walitoa dau la lazima kabla ya karata kugawiwa, yeye hakutoa. Alisema mwenye kochi husamehewa. Wageni wakanyamaza kwa adabu.

Ndipo mama mkwe akatua kutoka Tanga na masanduku mawili, moja la nguo, moja la viungo na dagaa. Alikuja kuona wajukuu. Usiku wa kwanza alipowakuta wale watu watano wamezunguka meza wakisukumiana kunde, alitabasamu. "Wacha wacheze," aliniambia. "Afadhali kunde kuliko pombe." Hakuna aliyemwambia kwamba kila kunde ina thamani yake.

Kesho yake akakaanga sambusa za nyama, akawapelekea bure. Muuguzi wa Mombasa, kwa malezi mema aliyolelewa, akamtia dola 2 mkononi: "Chukua, mamangu, ya jasho lako." Malezi mema yale yalitugharimu. Jumamosi iliyofuata mama alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kifuniko, na bei zimeshapangwa: sambusa moja dola 2, kahawa tungu kikombe dola 1. Tulikuwa na kiti kimoja tu chenye mto, kipo chini ya kiyoyozi. Hicho akakitoza dola 1 kila saa, akidai ni ya kufulia foronya. Nilipomwambia kwamba wageni hawalipishwi viti, alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, sikuja Marekani kukaa bure."

Kwa wiki kadhaa mambo yalikwenda hivyo. Kisha ukaja usiku wa bahati ya kijana wa Goma. Ijumaa hiyo alipata karata nzuri mara mbili mfululizo, bakuli lake likafura mbaazi na maharage, na shemeji akabaki na choroko chache za aibu. Saa saba za usiku mwanafunzi wa Arusha akasinzia mezani. Wakakubaliana wasimame hapo, mabakuli yabaki jikoni vilevile, waendelee Jumamosi jioni.

Mama mkwe huamka kabla ya alfajiri. Alipomaliza kuswali aliingia jikoni, akakuta mabakuli matano ya nafaka kavu, safi, isiyo na hata jiwe. Akanishukuru kimoyomoyo kwa kuwa nimeshachambua. Na kwa kuwa yeye ni mpishi wa kweli, hakuchanganya: aliokota punje kwa punje, maharage akayaloweka kwake, choroko kwake, mbaazi kwake. Adhuhuri nyumba nzima ilinukia nazi na bizari.

Shemeji alirudi kutoka kwa kinyozi na njaa, akapakua, akala sahani ya kwanza, akaongeza. Alipofika katikati ya sahani ya pili mkono ukasimama hewani.

"Mama, haya maharage umeyatoa wapi?"

"Si yale mliyoyachezea? Nimeyaosha vizuri."

Jioni ile sebule yangu iligeuka baraza la wazee. Benki ilikuwa na dola 100, hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa nani alikuwa na kiasi gani kabla ya nazi kutiwa. Kila mmoja alitaja kiasi alichokuwa nacho bakulini, na kumbukumbu zao zilipojumlishwa, bati la dola 100 lilidaiwa dola 163. Kijana wa Goma aliapa kwa mama yake mzazi kwamba yeye peke yake alikuwa na 43. "Franga ni franga, hata kama imeiva," alisema, akimaanisha pesa. Mzee wa Bujumbura alipendekeza kila mtu arudishiwe 20 zake. Kelele zikazidi, mtoto akaamka, nikawasha taa zote na kuwatoa nje na karata zao.

Laiti wangekwenda makwao. Shemeji akakumbuka ukumbi wa wapangaji, ule wenye meza ndefu na dirisha la kioo linalotazama bwawa la kuogelea. Unajiandikisha kwa jina la nyumba, unapewa ufunguo. Akajiandikisha kwa jina langu. Jumamosi iliyofuata wakahamia huko, wakiwa sasa na njugu za maganda zisizoweza kupikwa kwa bahati mbaya, na mama mkwe akawafuata na kopo lake, sufuria ya sambusa imefungwa kwa kanga.

Askari wa kampuni ya ulinzi inayozungukia makazi yetu alivutwa na harufu. Niliyasikia baadaye kutoka kwa mwanafunzi wa Arusha, mtu pekee mle asiyetia chumvi. Askari aliingia, akaona karata, akaona noti kwenye bati, akauliza kwa upole nani anapokea pesa hapa. Wanaume wote watano wakatazama dari. Mama mkwe, aliyeelewa neno "pesa" tu katika sentensi nzima, akainua vidole viwili, akafungua kopo kumwonyesha mauzo ya jioni, kisha akamkabidhi sambusa. Askari alikula tatu. Aliacha dola 6 kwenye kopo, akawaambia wafunge ukumbi, akaandika ripoti.

Jumatatu barua ya meneja ilikuwa mlangoni, na jina lililoandikwa juu yake halikuwa la shemeji.

Mimi sitishwi na barua, lakini sijibu kitu nisichokielewa. Nikakaa na simu yangu usiku, nikasoma Sura ya 47 ya Kanuni ya Adhabu ya Texas mwanzo hadi mwisho. Si ndefu. Ningemshauri kila mwenye mgeni anayependa karata aisome kabla ya kumwonyesha kochi.

Watu wengi hapa wanakwambia kwamba poka ya nyumbani imeruhusiwa. Sheria haisemi hivyo. Inaanza kwa kusema kucheza karata kwa pesa, au kwa kitu chenye thamani, ni kosa. Faini yake haizidi dola 500. Ndipo inapokupa utetezi ukishitakiwa, wenye masharti matatu yanayokwenda pamoja: mchezo uwe umefanyika mahali pa faragha, asiwepo mtu yeyote aliyepata faida ya kiuchumi isipokuwa alichoshinda kwa karata zake, na ukiondoa ustadi na bahati, hatari ya kupoteza na nafasi ya kushinda ziwe sawa kwa wote. Kiwango cha dau hakitajwi kabisa. Mnaweza kucheza kwa senti au kwa maelfu, jimbo linauliza matatu hayo tu.

Nikaanza kuhesabu. Faragha: sheria inaeleza kwamba ni mahali ambapo watu wa nje hawana ruhusa ya kuingia, kisha inaorodhesha yasiyohesabiwa, barabara, mikahawa, baa, shule, hospitali, na katikati ya orodha, maneno yaliyonifanya niketi wima: maeneo ya pamoja ya nyumba za kupanga. Sebule yangu ni faragha. Ukumbi wa bwawa, hata ukifunga mlango na kuteremsha mapazia, si faragha. Nilipowatoa watu sebuleni walitembea hatua chache tu kando ya bwawa, na kwa hatua hizo wakaupoteza utetezi wao wote.

Sharti la tatu, la usawa, shemeji alikuwa amelivunja tangu siku ya kwanza kwa msamaha wake wa mwenye kochi.

Lile la pili ndilo lilikuwa na kopo la maziwa. Kifungu hakitaji sambusa. Kinasema mtu yeyote, si mchezaji tu, asipate faida ya kiuchumi nje ya ushindi. Wakili mzuri angeweza kusema sambusa ni chakula, watu wangekula hata bila karata. Lakini dola 1 kwa saa ya kukaa kwenye kiti mezani? Hapo hata muuguzi wa Mombasa, nilipomuuliza baadaye, alikosa la kusema, na hiyo ni tarehe ya kukumbukwa.

Na mwenye nyumba je? Yeye ana kifungu chake. Anayeruhusu kwa kujua jengo au chumba kilicho chini yake kitumike kwa kamari ana kosa zito kuliko la mchezaji: hadi mwaka 1 jela na faini hadi dola 4,000. Ana utetezi wa masharti yaleyale matatu, ila kwa mchezaji ni upande wa mashtaka unaotakiwa kuuvunja utetezi huo, na kwa mwenye nyumba ni yeye anayetakiwa kuuthibitisha. Mwenye nyumba ni yule ambaye mkataba wa pango una jina lake peke yake.

Nikamwita mama mkwe, nikamweleza polepole kwamba zile kunde zilikuwa pesa. Alikaa kimya, akaweka ushungi sawa. Halafu sauti ikapanda. Kamari! Nyumba ambayo mwanawe anaswalia! Kwetu Tanzania tuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi yake inayotoa leseni, lakini mama hahitaji Bodi; anazo aya zake, na anawakumbuka vijana wa karata tatu stendi wanavyotimuliwa na polisi. Alimwita shemeji, akamsomea tangu utoto wake. Alipochoka alilishika kopo lake kifuani na kutoa fatwa: mezani pale pesa zote zilikuwa haramu isipokuwa hizi, maana hizi ni biashara.

Kwa mama mkwe, pesa safi pekee katika nyumba ile ilikuwa ya sambusa na kiti. Kwa jimbo la Texas, pesa ya sambusa na kiti ndiyo hasa iliyotia doa nyumba, kwani sharti la pili linakubali faida ya ushindi wa karata tu. Nilimweleza mara mbili. Alisema basi Texas haijui dini. Sikuwa na jibu.

Ungedhani shemeji angenyooka. Akapata wazo: afungue klabu ya poka. Alikuwa ameiangalia filamu ya mwaka 2017 iitwayo Molly's Game, kuhusu Molly Bloom, yule mwanamke aliyeandaa poka za matajiri Los Angeles na New York, na katika filamu nzima shemeji aliona pesa tu. Hakuona sehemu ambapo mwanamke yule alianza kukata asilimia kutoka kwenye chungu cha dau, ikawa ndiyo iliyomponza. Mwaka 2014 alihukumiwa kifungo cha nje cha mwaka 1, saa 200 za kazi za jamii na faini ya dola 1,000. "Sisi hatutakata asilimia," shemeji alinihakikishia. "Tutatoza kiti. Wazo la mama."

Na kwa kweli wazo la mama lina wakubwa wake. Texas haina kasino za kibiashara mfano wa zile za Lake Charles, Louisiana, ambako watu wa Houston huendesha gari saa mbili na zaidi kwenda kupoteza mishahara. Badala yake yamezuka mavilabu ya karata yanayodai kwamba hayagusi chungu kabisa: unalipa uanachama, unalipa kiti kwa saa, klabu ni ya wanachama kwa hiyo ni faragha, na ada ya kiti si faida ya kamari. Mwezi Mei 2019 polisi walivamia mavilabu mawili hapahapa Houston, wakakamata watu 9, wakiwemo wamiliki. Mwezi Julai mashtaka yakafutwa, baada ya kugundulika mgongano wa maslahi kwa mtu aliyewahi kufanya kazi na ofisi ya mwendesha mashtaka. Angalieni: hayakufutwa kwa sababu jaji alisema biashara ile ni halali. Hoja ya kiti ilibaki ilipokuwa. Anayetaka kuwekeza humo anawekeza kwenye jambo ambalo Bunge halijalisema wazi, na bora awe na wakili kabla ya kuwa na meza. Shemeji alikuwa na kochi, tena la watu.

Aliyemaliza mjadala ni mume wangu, aliyerudi kutoka Laredo na kukuta barua juu ya friji. Hakugomba. Aliuliza swali moja: fomu yako ya uraia umeshaituma? Shemeji alikuwa anaiandaa. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ina orodha ya wasiohesabiwa kuwa na mwenendo mwema, na ndani yake wamo waliotiwa hatiani kwa makosa mawili au zaidi ya kamari katika kipindi kinachoangaliwa, na mtu ambaye kipato chake kikuu kinatokana na kamari haramu. Muuguzi, aliyekuwa amepita kuchukua bakuli lake, akaongeza ile sheria ya shirikisho ya mwaka 1970: biashara ya kamari inayovunja sheria ya jimbo, ikiendeshwa na watu 5 au zaidi, ikadumu zaidi ya siku 30 au ikaingiza dola 2,000 kwa siku moja, hiyo si ya askari wa bwawa tena. Shemeji alijihesabu pamoja na wenzake. Watano. Klabu ikafa kabla ya kupewa jina.

Meneja nilimwandikia jibu fupi la adabu, na ufunguo wa ukumbi nikaurudisha mwenyewe. Karata hazikukoma, ila masharti niliyaweka mimi. Wanacheza sebuleni, mlango umefungwa. Kila mtu anakuja na chakula chake au anakula changu bure. Kiti chenye mto ni cha anayewahi. Dau la lazima analitoa kila mtu zamu yake ikifika, mwenye kochi akiwa wa kwanza. Mama mkwe alisusa kukanyaga sebule siku za karata, na alipoondoka kurudi Tanga kopo lake lilikuwa zito kuliko bati lao.

Benki nayo iligawanywa alivyotaka mzee wa Bujumbura, dola 20 kwa kila mtu. Wanne waliridhika. Kijana wa Goma alipokea zake na kumgeukia shemeji: 43 toa 20 ni 23, na aliyepika ni mama yako. Shemeji, kwa kutaka amani, alikubali deni mbele ya mashahidi. Ila mwaka 1991 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikataa kuisaidia kasino ya Bahamas kumdai mtu wa Texas dola 25,000 za kamari, ikisema sera ya jimbo hili hairuhusu madeni ya namna hiyo kudaiwa mahakamani. Kama dola 25,000 hazikulipwa, za maharage ya nazi ndizo zitalipwa? Kijana wa Goma bado anadai. Kama unamfahamu, mshauri asamehe.